Kabla ya kulipa ada ya ‘maabara’, mzazi aulize nani atamruhusu mtoto kufanya kazi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka na dirisha la udahili likafunguliwa, nyumba yenye kijana aliyesoma PCB hugeuka ofisi. Simu inazunguka sebuleni, mjomba aliyesoma anapigiwa atoe ushauri, orodha ya kozi inapitiwa harakaharaka. Udaktari unawekwa chaguo la kwanza. Kisha macho yanashuka hadi kwenye neno “maabara”, au kozi yoyote inayoanza na “bayo”, na baba anasema: “Weka na hiyo, si nayo ni afya?”

Huenda ni afya, huenda siyo. Kozi hizo zinafanana majina, lakini kila moja inampeleka kijana kwenye kazi tofauti, na nyingine hazimpeleki kabisa kwenye maabara ya hospitali. Familia nyingi huja kuligundua hilo ada ya miaka mitatu ikiwa imeshalipwa.

Milango mitatu, majina yanayofanana

Mlango wa kwanza ni sayansi ya maabara ya afya. Huu ndio unaotoa wataalamu wanaopima damu, mkojo, makohozi na vinyama vya wagonjwa. Shahada yake inafundishwa katika vyuo kama MUHAS jijini Dar es Salaam, CUHAS Bugando jijini Mwanza na chuo cha KCMC mjini Moshi.

Mlango wa pili ni sayansi za viumbe: baiolojia ya molekuli, mikrobiolojia, bioteknolojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ni miongoni mwa vyuo vinavyozifundisha. Mhitimu wake naye anavaa koti jeupe na anashika hadubini, lakini kazi yake zaidi ni utafiti, mifugo, mazao, vyakula na viwanda.

Mlango wa tatu ni uhandisi wa vifaa tiba, unaofundishwa MUHAS na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Anayesoma huku hapimi sampuli za wagonjwa. Anafunga, anatunza na anatengeneza mashine za hospitali.

Milango yote mitatu ni mizuri. Shida huanza kijana anapoingia mmoja akidhani ameingia mwingine. Mfano ni binti anayetaka kufanya kazi hospitalini, lakini anachagua bioteknolojia kwa sababu jina limempendeza. Anasoma kwa bidii na anahitimu vizuri. Siku anapoomba kazi katika maabara ya hospitali anaulizwa namba ya usajili. Hana, na cheti alicho nacho hakimpi. Hapo atafute kazi katika eneo alilosomea, au arudi darasani kuanza upya wakati mzazi alishajua ameumaliza mzigo.

Swali moja la kuuliza

Tanzania ina Sheria ya Wataalamu wa Maabara za Afya ya mwaka 2007, na kuna Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya linalowasajili. Kupima sampuli za wagonjwa ni taaluma inayodhibitiwa, kama ilivyo kwa daktari, muuguzi na mfamasia. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi.

Kwa hiyo kuuliza kama kozi ni nzuri, au kama ina soko, hakutoshi. Swali la kwanza liwe hili: akimaliza, Baraza litamsajili? Mzazi anaweza kuliuliza chuoni na kwenye Baraza lenyewe kabla ya kuthibitisha udahili. Chuo kikijibu kwa kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Swali hilohilo linafaa kwa wanaosoma nje. Kenya ina bodi yake ya wataalamu wa maabara, KMLTTB. Nchini Uingereza, jina la kazi ya mwanasayansi wa maabara za tiba linalindwa kisheria na ni lazima mtu awe amesajiliwa na HCPC. Zipo shahada za huko zenye jina zuri ambazo peke yake hazimfikishi mhitimu kwenye usajili huo. Anayempeleka mtoto India, China au kwingineko aulize pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama shahada hiyo itatambuliwa hapa nyumbani.

Alama na njia ya pili

Katika kukokotoa pointi za kidato cha sita, TCU huipa A pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kozi za maabara ya afya huangalia Kemia, Biolojia na Fizikia. Kijana wa CBG ambaye hakusoma Fizikia kidato cha tano na sita asome mwongozo wa udahili wa mwaka husika mstari kwa mstari kabla ya kujaza, asitegemee maneno ya waliomaliza zamani.

Kwa aliyeishia kidato cha nne kuna njia ya stashahada, inayosimamiwa na NACTVET, ambayo huchukua miaka mitatu. Mhitimu wake husajiliwa kama mteknolojia wa maabara, na baadaye anaweza kujiendeleza hadi shahada. Wazazi wengi huidharau njia hii, ilhali anayeingia chuo kikuu akitokea kazini huwa ameshashika sampuli nyingi kuliko wenzake walionyooka kutoka shuleni. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo (HESLB) imeanza kukopesha pia baadhi ya kozi za stashahada za kipaumbele, hivyo orodha ya mwaka husika iangaliwe.

Anachokwenda kusoma

Wapo wanaodhani maabara ni ya waliokosa udaktari. Wangejua kinachofanyika nyuma ya lile dirisha la kupokelea majibu, wasingesema hivyo.

Kipimo cha malaria kwa hadubini ni mfano mzuri. Tone nene la damu linapakwa kwenye kioo, linakaushwa, linatiwa rangi ya Giemsa, kisha linaangaliwa kwa lenzi inayokuza mara 100, juu yake kuna lenzi ya jicho inayokuza tena. Mpimaji haruhusiwi kusema hakuna vimelea kwa kuchungulia mara tatu. Anatakiwa kukagua angalau maeneo 100 ya tone hilo. Akiviona, anavihesabu akilinganisha na chembe nyeupe za damu, ili daktari ajue mzigo wa ugonjwa ni mkubwa kiasi gani.

Hata chupa ya kuwekea damu ina somo lake. Yenye kizibo cha zambarau ina kemikali inayozuia damu isigande, na kemikali hiyo ina potasiamu. Mwanafunzi mvivu akiona damu haitoshi kwenye chupa ya kipimo cha kemia, akaongezea ya chupa ya zambarau, majibu yatatoka na potasiamu ya juu ya kutisha na kalsiamu ya chini. Mgonjwa hana tatizo hilo, lakini daktari anaweza kumtibu kama analo.

Kwenye utiaji damu, hatari ni kubwa zaidi. Mtu wa kundi A akiongezewa damu ya kundi B kwa sababu tu majina mawili yalichanganywa, anaweza kupoteza maisha. Mara nyingi makosa ya namna hii hayasababishwi na kukosa akili. Husababishwa na kubandika lebo kwa haraka.

Tabia inaanzia nyumbani

Ndiyo maana kinachomfaa kijana wa maabara kuliko alama za juu ni uaminifu katika mambo madogo. Kila asubuhi, kabla ya sampuli za wagonjwa kuingia kwenye mashine, hupimwa kwanza sampuli ambayo majibu yake yanajulikana. Mashine ikikosea, kazi inasimama hadi tatizo lipatikane, hata kama foleni ya wagonjwa imefika nje. Mpimaji anayejaza tu kitabu kwamba “imepita” anahatarisha watu ambao hatawaona kamwe.

Tabia hiyo ya kujaza tu huanza mapema. Chuoni kuna wanafunzi wanaonakili ripoti ya praktiko ya mwenzao, namba zote, hata makosa yake. Mzazi anaweza kuliona dogo kwa sababu halionekani kwenye ada wala kwenye matokeo ya muhula. Lakini aliyezoea kuandika matokeo ya jaribio ambalo hakulifanya, siku moja ataandika majibu ya mgonjwa ambaye hakumpima. Wakati wa likizo, badala ya kuuliza GPA pekee, mzazi amwombe mtoto amweleze jaribio moja alilofanya kwa mikono yake, lilikosea wapi na alifanya nini. Anayefanya kazi mwenyewe ataeleza bila kutafuta maneno.

Hesabu nazo zisiachwe. Kila siku maabara inazimua vimiminika: sehemu moja kwa kumi, moja kwa mia. Aliyekimbia Hesabu tangu kidato cha pili atakutana nazo tena.

Jambo jingine ni macho. Kazi nyingi za maabara husomwa kwa rangi, na wapo vijana, wengi wao wa kiume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Kipimo chake ni cha dakika chache katika kliniki ya macho. Hakimaanishi kwamba mlango umefungwa, ila ni bora kujua kabla ya kuchagua kuliko kujua mwaka wa pili.

Kinga kabla ya kushika sampuli

Mwanafunzi akianza mafunzo kwa vitendo anashika damu za watu. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa damu, na vina chanjo. Vijana wengi walichanjwa utotoni, lakini kadi zilishapotea. Mzazi ampeleke kituo cha afya aulize kuhusu kupima na kuchanja mapema, kwa kuwa kwa mtu mzima utaratibu wa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Ukingoja barua ya mafunzo itoke, muda hautatosha.

Aambiwe pia, bila kutishwa, kwamba akijichoma na sindano iliyotumika asifiche kwa aibu au kwa kuogopa msimamizi. Aoshe kwa maji na sabuni, atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na zisizidi saa 72, na humezwa kwa siku 28. Kijana anayejua kwamba nyumbani hatagombezwa, hatakaa kimya.

Baada ya mahafali

Mhitimu wa shahada hupitia utarajali wa mwaka mmoja hospitalini akisimamiwa. Bajeti ya familia isiishie kwenye joho. Kuna nauli ya kwenda kituo alichopangiwa, chumba cha kupanga, na gharama za usajili na leseni.

Ajira serikalini hazimngoji kila mtu mlangoni. Nafasi hutangazwa na waombaji huwa wengi. Lakini kazi ya maabara haiko hospitali za serikali peke yake. Kuna hospitali za mashirika ya dini, maabara binafsi, Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na taasisi za utafiti kama NIMR na Ifakara, ambayo kituo chake cha Bagamoyo kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya R21. Walioingia mlango wa pili wana Wakala wa Maabara ya Veterinari, TBS, taasisi za utafiti wa kilimo na viwanda vya vyakula.

Waajiri wa siku hizi wanataka mtu anayejua kutunza kumbukumbu na kufuata taratibu zilizoandikwa, kwa sababu maabara kadhaa nchini zimepata ithibati ya kimataifa ya ISO 15189 na nyingine zinaitafuta. Kijana akiwa bado chuoni ajifunze kutumia kompyuta vizuri, aweke daftari la vipimo alivyofanya kwa vitendo likiwa na saini ya msimamizi, na aelewane na wasimamizi hao, maana ndio watakaomwandikia barua za udhamini.

Kwa familia ambayo bado inajaza fomu, simu iwekwe chini kidogo. Kijana aulizwe kwanza anataka kufanya nini hasa: kupima wagonjwa, kufanya utafiti, au kutengeneza mashine. Akishajibu, jina la kozi lisomwe lote hadi mwisho, na Baraza lipigiwe simu kabla ya pesa kwenda benki.