MAPAFU YA MTOTO, SEHEMU YA 4: ACHENI KUISINGIZIA OKSIJENI

1.
Wiki iliyopita tulijifunza kuhesabu pumzi za mtoto, nikategemea maswali ya pumzi. Nilizopata ni meseji za jambo lingine kabisa: "Nesi, eti mtoto akiwekewa oksijeni ndiyo basi tena?" Wengine hata hawakuuliza, wameshatoa hukumu: "Wa jirani yangu aliwekewa mtungi usiku, asubuhi hakuiona."

Leo sirembi maneno. Uvumi huu unaua. Kuna mama anakataa oksijeni kwa sababu yake. Kuna bibi anasubiri nesi ageuke, anachomoa mrija puani. Kuna baba anamtorosha mtoto wodini. Halafu msiba ukitokea, lawama zote anabebeshwa mtungi.

2.
Uvumi huu una chanzo. Watu wameona kweli watoto waliowekewa oksijeni wakafariki. Lakini jiulize, ni watoto gani wanaowekewa? Mwenye mafua hawekewi. Mwenye kikohozi cha kawaida anarudi nyumbani kwa miguu yake. Oksijeni anapewa yule aliyezidiwa, ambaye mapafu yameshindwa kazi.

Kila nyumba inayoungua utakuta gari la zimamoto limesimama mlangoni. Je, zimamoto ndio wachomaji?

Na kuna hili: mtoto aliyewekewa oksijeni Jumatatu, Alhamisi akatoka wodini anadai uji, nani anamsimulia? Hakuna. Mtaani zinasafiri habari za msiba tu.

3.
Ndani ya kifua kuna nini? Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa. Mtoto akipata nimonia, baadhi ya vifuko hivyo hujaa majimaji na usaha, hewa haipiti. Ndiyo maana anahema harakaraka na kifua kinabonyea kwa ndani. Anafanya kazi ya kubeba zege, na bado damu yake haipati oksijeni ya kutosha. Akichoka, anaacha kuhema.

Hewa tunayovuta wote ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ule mrija unaongeza kiwango hicho, ili vifuko vichache vilivyobaki wazi viweze kuulisha mwili mzima. Oksijeni haiui bakteria, hiyo ni kazi ya antibiotiki. Oksijeni inamshikilia mtoto mpaka dawa ifanye kazi. Ukiichomoa saa nane usiku, umemwachia mkono katikati ya mto.

4.
Mtasema nesi anatetea kazi yake. Haya, twende kwenye utafiti.

Papua New Guinea ni nchi ya visiwa na milima, yenye matatizo ya umeme na barabara kama tunayoyajua sisi. Hospitali 5 za huko zilipewa mashine za kuzalisha oksijeni pamoja na vipimo vya kupima oksijeni kwenye damu, na wahudumu wakafundishwa kuvitumia. Kabla ya hapo, kati ya watoto 7,161 waliolazwa kwa nimonia walifariki 356, karibu 5 katika kila 100. Baada ya hapo, kati ya watoto 4,130 walifariki 133, zaidi kidogo ya 3 katika kila 100. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la kitabibu la Lancet.

Mbishi atasema labda kuna mambo mengine yalibadilika miaka ile. Inawezekana, sibishi. Lakini kama oksijeni inaua, hospitali 5 zikaongeza oksijeni, vifo vilitakiwa vipande. Vilishuka. Nijibuni hapo.

5.
Sasa nageukia upande wetu sisi watoa huduma, maana sitaki kuwasema akina mama peke yao.

Kuna kifaa kidogo kinabanwa kwenye kidole, kinaitwa oksimita. Kinamulika mwanga kupita kwenye kidole na kusoma oksijeni iliyomo kwenye damu. Hakichomi, hakitoi damu. Wazo lake lilitoka kwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Si teknolojia ya juzi hii. Sasa niambieni, kwa nini mpaka leo mtoto anayehema kama amekimbizwa anaandikiwa dawa ya kikohozi bila kupimwa oksijeni?

"Nimemwangalia, hajawa wa bluu." Samahani mwenzangu, macho hayatoshi. Rangi ya bluu kwenye ulimi na midomo huja mtoto akiwa ameshazidiwa. Kwenye ngozi nyeusi ni ngumu kuiona. Na mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza asiwe wa bluu kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: ikisoma chini ya 90, mpe oksijeni. Mwaka 2017 shirika hilohilo liliorodhesha oksijeni kama dawa muhimu kwa wenye upungufu wa oksijeni mwilini. Dawa, jamani, sawa na antibiotiki. Kituo kisicho na dawa hiyo kina deni kwa jamii yake.

6.
Na kipimo nacho kina mipaka yake. Utafiti uliotoka Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 2020, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi oksimita ilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wazungu. Yaani inasoma vizuri wakati mgonjwa yuko vibaya. Kwa hiyo namba ikisoma 92 na mtoto anaguna, kifua kinabonyea, hanyonyi, tusiridhike na namba. Tumwangalie mtoto.

Na kichanga asifungwe kifaa cha mtu mzima, kitadanganya. Kuna cha kwake, kinazungushiwa kwenye mguu.

Kwa watoto njiti, oksijeni iliyozidi kiasi inaweza kuharibu macho. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kupima na kurekebisha. Kumnyima sio jibu. Chumvi ikizidi inaharibu mchuzi, lakini hujawahi kuacha kupika.

7.
Kinachoua zaidi ni siku 4 za mwanzo. Siku ya kwanza, sirapu ya dukani. Ya pili, antibiotiki iliyobaki kwa kaka yake. Ya tatu, anafukizwa. Ya nne, anapelekwa kukatwa kimeo, kikohozi kiko palepale na sasa ana kidonda kooni. Ya tano ndiyo anafika hospitali, amelegea. Anawekewa oksijeni saa 3 usiku, saa 9 anafariki. Mtaa mzima unasema: oksijeni.

Bibi, shikamoo. Najua unampenda mjukuu kuliko mimi ninayemwona wiki moja tu. Ule mrija hauingii kwenye mapafu, unaishia hapo puani. Mtoto hauzoei akashindwa kuishi bila huo. Akipata nafuu tunapunguza kidogokidogo, tunapima, tunautoa. Ukiona unamkera au umechomoka, niite. Hata kama nimenuna, niite.

8.
Mama, hifadhi hii kwenye simu.

Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Mpeleke siku hiyohiyo.

Kifua kikibonyea kwa ndani, akiguna kila anapohema, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usisubiri kupambazuke.

Ukifika, uliza maswali haya matatu:
- Oksijeni ya mwanangu inasoma ngapi?
- Hapa ipo ya kumpa, au tunapewa rufaa sasa hivi?
- Mtampima tena saa ngapi?

Hayo sio maswali ya kiburi. Ukijibiwa vibaya, rudia kwa upole, na usiondoke mlangoni mpaka upate namba. Sisi manesi tukiulizwa namba hiyo na kila mama, kile kifaa hakitakaa tena kwenye droo iliyofungwa, ufunguo yuko nao mtu wa likizo.

Mtumie mama mkwe. Mtumie na yule jirani mwenye habari ya mtungi, ila mpe pole kwanza, maana alifiwa. Kisha mweleze.

Sehemu ya 5: pumu, nebulaiza, na kwa nini si kila kifua kinacholia kinahitaji antibiotiki.