Treni ya maboksi inatosha

Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto, ukumbi na keki ya ghorofa tatu ni vya wazazi, tuseme ukweli. Mtoto wa miaka mitatu anayeshangilia treni ya SGR mpeni treni yake: maboksi ya sabuni yaliyofungwa kwa kamba, sahani za karatasi ziwe magurudumu. Kiti cha plastiki kiwe stesheni ya Pugu, mkeka Morogoro, baraza Dodoma. Kila abiria akate tiketi, na kila kituo kiwe na chakula chake: visheti, ndizi, juisi ya ukwaju. Keki ya sufuria, ile ya moto juu na chini, ikae Dodoma watoto wasije wakaivamia mapema. Puto likipasuka okoteni vipande upesi, vinaweza kumkaba mtoto. Anzeni saa tisa, wakishaamka usingizi wa mchana.