Tuma Pesa, Bakisha Shati

Kila bahari ikikasirika, sisi hukimbilia kabati. Mvua inapiga, mto unavunja kingo, na hata kabla maji yashuke kuna posta inazunguka kwa WhatsApp: leteni nguo kuukuu, viatu, blanketi. Baadaye zinakuja picha. Picha ya magunia, picha ya lori, picha ya mama akipokea shati huku ametazama kamera kama anapigwa ya kitambulisho. Wacha niseme wazi, na mkitaka mnitukane kwa komenti: huo si msaada. Huo ni usafi wa kabati.

Hebu tuchukue Beira, ndio tusiongee hewa.

Usiku wa 14 Machi 2019, kimbunga Idai kiligonga Beira, mji wa bandari Msumbiji wenye watu kama nusu milioni. Stima ikaenda, mtandao ukaenda, barabara kuu ya kuingia mjini ikakatika. Halafu mito ya Buzi na Pungwe ikafurika na mashamba yakageuka bahari. Watu walikaa juu ya miti na mapaa kwa siku kadhaa. Msumbiji pekee ilipoteza zaidi ya watu 600. Ongeza Zimbabwe na Malawi, wanapita 1,000. Zaidi ya hekta 700,000 za mimea ziliharibika, na mavuno yalikuwa yamekaribia.

Sasa niambie, hapo shati lako linaingilia wapi?

Walioanza kuokoa watu ni majirani na wavuvi wenye mashua zao, kabla ya helikopta kutoka nje. Kipindupindu kilipolipuka mwisho wa Machi, kilichosaidia ni maji safi, dawa na chanjo ya matone, karibu dozi 900,000, zilizoanza kutolewa 3 Aprili. Hiyo kazi ilifanywa haraka na ilifanywa vizuri, lazima tuseme. Lakini hakuna mtu alipata laiki elfu kumi kwa kuposti dawa ya kutibu maji. Ndiyo shida yenyewe: vitu vinavyookoa maisha havipendezi kwa kamera.

Na kama unafikiri Msumbiji walikuwa na uhaba wa nguo za mitumba, jua hii. Kule mitumba inaitwa “calamidade”. Yaani janga. Zilianza kuingia kwa wingi kama msaada wakati wa vita na njaa miaka ya 1980, jina likabaki. Watu wameona nguo zetu za huruma hadi wakazipa jina la balaa, na sisi bado tunafunga magunia!

Shati la bure si la bure. Lazima likusanywe, lichambuliwe, lipakiwe, lisafirishwe, litafutiwe ghala. Lori lililobeba jinzi zako lingebeba unga. Mafuta ya hilo lori ni pesa. Na mama mboga au muuza nguo wa kule, ambaye maji yalimwachia kibanda kimoja, sasa anashindana na gunia la bure kutoka Nairobi.

Kwa hivyo tuma pesa. Na najua mtakachosema, ati “wataenda kuzilewa.” Manze, hii dharau tutaiacha lini? Mwaka wa 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti kutoka nchi nyingi kuhusu familia maskini zinazopewa pesa mkononi. Kwa jumla hawakuona pombe na sigara zikiongezeka. Mtu aliyepoteza nyumba ananunua mabati, mbegu, karo, dawa. Anajua anachokosa kuliko wewe unayemkisia ukiwa Umoja.

Kuna wale wenye hoja ya maana: wiki ya kwanza soko limefungwa, pesa itanunua nini? Kweli. Siku hizo peleka chakula, hema, maji, madaktari. Lakini maduka hurudi upesi kuliko tunavyodhani, na M-Pesa iko Msumbiji pia. Mwezi wa pili hakuna sababu ya kumpangia mtu mzima ale nini na avae nini.

Na wengine watasema pesa zitaliwa na wakubwa. Kwani chakula hakiliwi? Aprili 2019, Human Rights Watch iliripoti kuwa wanawake walionusurika Idai walidaiwa ngono na viongozi wa mitaa ili wapewe chakula. Soma hiyo tena polepole. Gunia la mchele likawa silaha, kwa sababu mtu mmoja ndiye aliyeshika orodha. Dawa ya hiyo si kurudi kwa magunia. Dawa ni orodha isomwe hadharani, wanawake wawe ndani ya kamati, na pawe na mahali pa kulalamika ambapo chifu hapagusi.

Lakini nisiwabebeshe nyinyi peke yenu, kwa sababu kuna walio na makabati makubwa kuliko yetu.

Aprili 2019, mwezi mmoja tu baada ya Idai, Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Msumbiji dola milioni 118 za dharura. Mkopo. Bila riba, ndio, lakini mkopo. Hii ni nchi ambayo tayari ilikuwa imezama kwa madeni ya siri ya takriban dola bilioni 2. Siku chache baadaye, 25 Aprili, kimbunga Kenneth kikagonga Cabo Delgado na kubomoa karibu kisiwa kizima cha Ibo. Huko watu wanaongea Kimwani, lugha ndugu ya Kiswahili chetu. Makadirio ya kujenga upya baada ya vimbunga vyote viwili yalikuwa dola bilioni 3.2. Wafadhili walipokutana Beira wakaahidi 1.2. Waliahidi, msisahau hilo neno.

Afrika yote inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa chafu inayopasha dunia joto. Halafu bahari iliyopashwa moto na viwanda vya wengine inakuja kubomoa nyumba ya mvuvi wa Ibo, na serikali yake inakopeshwa pesa za kuijenga. Kwa mtaa wetu, jirani akikugonga ukuta na gari lake, hakukopeshi simiti. Analipa.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa: pesa zije mapema. Kimbunga si mwizi, huonekana kikija. Mwaka wa 1970 kimbunga kiliua angalau watu 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Wakajenga mfumo: wajitolea kwa makumi ya maelfu, vipaza sauti, bendera, majengo ya kukimbilia. Mwaka wa 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa huko walikuwa makumi. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni maandalizi.

Na sisi? Mei 2024 Hidaya ilipoelekea Tanzania, serikali ikapiga marufuku shughuli za ufuo Pwani, tukakaa tukisubiri. Kimbunga kikadhoofika kilipofika Mafia. Tukapumua, tukarudi TikTok. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati haina bajeti.

Kwa hivyo safari ijayo mtu akianzisha mchango, muulize maswali matatu. Pesa zinafika kwa simu ya nani? Orodha ameandika nani? Na kaunti ilitenga ngapi kabla mvua ianze? Akikosa jibu, mwambie akalitafute, na usitume gunia kuficha aibu yake.

Shati lako likiwa bado zuri, livae. Likiwa limechakaa, pigia deki. Mtu wa Beira hakupoteza nyumba ndio apate nafasi ya kuvaa ulichokichoka.