Wuli Gani Hiyo?

Nenda soko la Madaraka hapa Thika, ununue bonge la ule uzi tunaouita wuli. Kata kipande cha urefu wa kidole, ukichome kwa kiberiti. Kitayeyuka, kitoe moshi mweusi, kisha kigande kuwa kijidonge kigumu. Hiyo ni akriliki, bana, plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli. Manyoya ya kondoo hayayeyuki. Yananuka kama nywele zilizoungua, moto ukiondolewa yanazima yenyewe, na kinachobaki ni jivu la kuponda kwa vidole.

Mbona basi vitu hivi viwili vina jina moja?

Najua jibu: ni jina tu, wacha kusumbua watu. Lakini jina hili lina mtu linamwumiza. Mkulima wa Kinangop ananyoa kondoo wake kwa sababu lazima wanyolewe, halafu manyoya anayatandikia kuku au anayachoma nyuma ya boma. Si ati ni mvivu. Hana wa kumuuzia. Na hana wa kumuuzia kwa sababu mteja wa Thika anaamini wuli ashainunua. Wengine wamehamia Dorper, kondoo aliyezalishwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama, ambaye manyoya yake hudondoka yenyewe. Siwalaumu hata kidogo. Kwani wewe ungefuga kitu cha kuchoma?

Mimi hununua hayo manyoya. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na sasa naishi Ruiru nikiandika makala za watu na kusokota nyuzi. Gunia likifika kwa matatu, kwanza natoa sehemu za miguuni na tumboni, zile zilizoshikana na kinyesi. Zinaenda kwa mboga. Yaliyobaki yanalowa kwenye karai la maji moto, ya kuunguza mkono, pamoja na sabuni. Hapo hukorogi. Ukikoroga, au ukiyatoa kwenye maji moto na kuyatia baridi ghafla, yanashikamana kama blanketi na hayaachani tena. Unayabonyeza polepole, unamwaga maji ya rangi ya chai, unarudia hadi mafuta yale yanayonata yapungue. Kilo tatu zinaweza kukauka zikiwa karibu nusu yake; kilichokuwa kikiongeza uzito ni mafuta, jasho na vumbi.

Halafu kuchana, kwa brashi mbili za mbwa zenye meno ya waya, mpaka nywele zote zielekee upande mmoja. Halafu kusokota kwa kijiti chenye kisahani cha mbao. Nyuzi mbili zilizosokotwa kulia naziunganisha kwa kuzizungusha kushoto, la sivyo sweta itapinda upande mmoja kama mlevi. Uzi wa sweta moja ya mtu mzima unanila jioni za mwezi mzima na zaidi.

Kisha mteja anauliza, “Hii wuli yako mbona bei hivyo, na ya sokoni ni rahisi?” Ningeuza plastiki pia ningeuza rahisi, mama.

Sitaki mtu anisome vibaya. Mama anayefuma sweta za shule kwa mashine pale Ruiru si adui yangu. Akriliki ni rahisi, inafuliwa ovyo, inakauka haraka, na mzazi mwenye watoto wanne hana pesa ya kucheza nayo. Aiuze. Lakini aiuze kwa jina lake. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, tukashangilia, na bado tunavalisha watoto plastiki asubuhi za baridi za Julai huku tukiiita sufu.

Wanaonikera zaidi ni wale wa “vijana, changamkieni fursa,” wanaokuja ukumbini na projekta kutuambia tuongeze thamani ya mazao. Thamani tunaijua. Wanawake wa Nanyuki Spinners and Weavers wamekuwa wakisokota manyoya ya kondoo kwa mkono tangu 1977, kabla sisi hatujazaliwa. Kinachokosekana huku ni mashine ndogo ya kuosha na kuchana ambayo watu kumi wangeitumia kwa zamu, na lebo isiyodanganya. Mji huu wetu wa viwanda una hata viwanda vya ngozi, ambako manyoya hung'olewa kwa chokaa ili ngozi ibaki uchi. Usituambie mashine ndiyo ngumu.

Wenye maduka, andikeni akriliki kwenye akriliki. Haigharimu hata shilingi.

Na wewe mwenye kondoo wa manyoya kati ya Gatundu na Juja, ukinyoa wiki hii usichome. Yaweke kwa gunia kavu la katani, yasipate unyevu yakaoza. Nitakuja kuyachukua.