Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Virunga isingoje wakubwa wapatane

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, mlima Sabyinyo, zinapokutana Kongo, Rwanda na Uganda, umekuwa ardhi ya Jumuiya pande zake zote. Ndiyo maana barua hii imekuja Arusha, haikwenda Kigali, Kampala wala Kinshasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, gorila wa milimani katika safu ya Virunga walikadiriwa kuwa 250 hivi. Sensa ya 2015 na 2016 iliwakuta 604, na mwaka 2018, walipojumlishwa na wa msitu wa Bwindi, Uganda, wakapita 1,000. Katikati ya miaka hiyo Rwanda ilipitia mauaji ya kimbari na Kongo ikapigana vita viwili vikubwa. Wanyama hao waliongezeka kwa sababu askari wa hifadhi na wataalamu wa nchi tatu hawakuacha kushirikiana, hata wakubwa wao waliposhutumiana. Katika sensa hiyo waliingia msituni pamoja, wakahesabu viota, wakakusanya kinyesi cha kupima vinasaba, wakang'oa mitego zaidi ya 380. Mwaka 2015 serikali zao zilitia saini mkataba wa ushirikiano wa Virunga Kuu.

Ushirikiano huo sasa umebanwa. Waasi wa M23 wameshika eneo la gorila upande wa Kongo. Kabla ya hapo, Aprili 2020, shambulio moja liliua askari 12 wa hifadhi ya Virunga.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Virunga, kupona kwa mwenyeji kunategemea amezaliwa upande gani wa mlima. Rwanda huzipa jamii jirani 10% ya mapato ya utalii wa hifadhi. Uganda hutoa 20% ya kiingilio, pamoja na dola 10 kwa kila kibali cha gorila. Kongo, vita vimewafukuza watalii. Nao Wabatwa, wenyeji wa asili wa misitu hii, waliotolewa Bwindi na Mgahinga huko Uganda hifadhi zilipotangazwa mwaka 1991, wengi wao bado hawana ardhi. Ukimwomba mtu kama huyo asitege funo, atakuuliza: msitu huu unalindwa kwa faida ya nani?

Mheshimiwa, naomba mambo matatu. Kwanza, Jumuiya iwadhamini askari na madaktari wa wanyama wa nchi zote tatu, waendelee kupashana habari na kuvuka mpaka kikazi hata mabalozi wanapoitwa nyumbani. Pili, uwekwe mfuko mmoja wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, ili mkulima wa Rutshuru, Kongo, aliyeharibiwa shamba na nyati asisahauliwe kwa kuwa tu kwake kuna vita. Tatu, Wabatwa na wanavijiji wapewe viti vyenye kura katika vikao vya uhifadhi, wasiishie kuitwa kucheza ngoma mbele ya wageni.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kusubiri amani kamili. Tafadhali liweke suala hili kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Mawaziri.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Mwananchi wa Afrika Mashariki