Halla Ni ya Nani?

Kuna watu hunichosha. Ukitaja Kiswahili tu, wanakuuliza: "Lakini si hicho ni Kiarabu?" Halafu wanakuhesabia kwa vidole: kitabu, sukari, baridi. Ati lugha iliyokopa haina mwenyewe.

Haya, twende Ufini.

Wafini wana neno halla. Baridi kali ya kawaida, ile ya chini ya sifuri, wanaiita pakkanen. Halla ni jalidi inayokuja usiku mmoja wakati mazao bado yako shambani. Anga liko wazi, upepo umetulia, ardhi inapoteza joto lake lote, na kukipambazuka mkulima anakuta shayiri imekufa. Septemba 1867 ilikuja hivyo. Njaa ya 1866 hadi 1868 iliua zaidi ya watu 100,000. Watu walisaga gome la msonobari wakachanganya na unga ili wapate mkate.

Utapata neno la Kifini kuliko hilo?

Na bado ni la kukopa. Wafini walilipata zamani sana kwa majirani zao Wabalti, mababu wa Walithuania na Walatvia wa leo. Kilithuania mpaka sasa kinasema šalna. Katika maneno hayo ya kale, sauti ya "sh" iligeuka "h" kwenye Kifini, na "ln" ikawa "ll". Unadhani ni bahati tu? Sufu kwa Kilithuania ni vilna, kwa Kifini villa. Nyasi kavu ni šienas, kwa Kifini heinä. Mtindo ni uleule.

Sasa mwambie mjukuu wa aliyekula mkate wa gome kwamba halla si yake. Jaribu tu.

Mimi nina shangazi anayelima viazi Kinangop. Akinipigia simu asubuhi aseme, "Baridi imechoma shamba lote," najua karo ya binamu yangu imeingia mashakani. Ndiyo, "baridi" ilitoka kwa Waarabu. Lakini viazi ni vya nani? Na hasara je? Neno ni la wanaolitumia kuelezea maisha yao, hata kama lilivuka bahari kuwafikia.

Kwa hivyo ukikutana na wale wahesabuji wa maneno, usijitetee. Waulize swali moja: shangazi yangu alipopiga simu, alikuwa anaongea Kiarabu?