Dripu Si Chakula

Mgonjwa mahututi anayeletwa Karatu kutoka Endulen au Nainokanoka, wilayani Ngorongoro, mara nyingi huja na ndugu mmoja wa kumuuguza. Ndugu huyo amepita lango la Loduare akiwa na shuka na simu. Mjini hana jiko wala jamaa wa kumpikia. Hata hivyo, hospitali zetu nyingi nchini humwachia yeye kazi ya kumlisha mgonjwa. Faili linajaa dozi na saa za kuchoma sindano, ilhali kuhusu chakula aghalabu halina hata mstari mmoja.

Huo ni uzembe.

Wapo wanaojitetea kwamba mgonjwa ametundikiwa dripu. Tupige hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 aliye mahututi anahitaji takriban kilokalori 25 kwa kila kilo, yaani 1,500 kwa siku, pamoja na protini isiyopungua gramu 72. Lita moja ya dekstrosi ya asilimia 5 haifikishi kilokalori 200, na protini haimo kabisa. Mwili ulionyimwa hujila wenyewe: misuli ya kifua hunyauka, kupumua kunakuwa kazi nzito, kidonda hakifungi. Kisha tunaambiwa ugonjwa ulimzidi nguvu.

Wala si kwamba elimu haipo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupimwa uzito na kupewa maziwa ya F-75 kwa kipimo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Wauguzi wanajua kuwa aliyekaa na njaa siku nyingi akishindiliwa chakula ghafla, fosfati na potasiamu hushuka katika damu, na moyo unaweza kusimama. Mtu mzima wa wodi ya jirani, mwenye hatari ileile, anasubiri chupa ya uji mwepesi kutoka kwa mama lishe.

Waganga wafawidhi watoe amri: presha ikishatulia, na tumbo likiwa linafanya kazi, mahututi aanze kulishwa ndani ya saa 48, kwa mpira wa puani asipoweza kumeza. Daktari aandike kiasi. Muuguzi asaini alichompa. Halmashauri za Karatu na Ngorongoro zitenge fungu la jiko la wodi. Karatu, wilaya ya mahindi na maharage iliyopakana na wafugaji wa maziwa, isituambie haina cha kupika. Na maofisa lishe waonekane wodini, si kwenye semina tu.